Je, Kazi ya Maiti Yamfaa Kijana Aliyesoma?

Wanafunzi wenzangu, na ninyi kaka zetu mliokwisha kutoka hapa shuleni mkaenda kutafuta maisha,

Muhula uliopita sisi wa kidato cha sita tulipewa karatasi, kila mtu aandike kazi tatu anazozitaka amalizapo masomo. Wenzangu waliandika udaktari, uhandisi na uanasheria. Mmoja ambaye hata baiskeli hajui kupanda aliandika urubani. Mimi katika nafasi ya kwanza niliandika "kutunza maiti na kusimamia mazishi". Jirani yangu akachungulia, na kabla ya kengele ya chakula bweni zima lilikuwa limekwisha kunipa jina ambalo sitaliandika katika gazeti la shule. Usiku ule rafiki yangu wa siku nyingi alichukua sahani yake akahamia meza nyingine. Padre anayetushauri juu ya kazi aliniita, akaniuliza kama nilikuwa nafanya mzaha. Nikamwambia la. Akasema, "Basi kama si mzaha, andika sababu zako, nasi tutazisoma." Haya ndiyo majibu yangu.

Nianze na habari ya nyumbani, kwa maana bila hiyo mengine hayatafahamika. Nilipokuwa kidato cha pili, baba yangu mdogo alifariki ghafla mjini alikokuwa akifanya kazi. Alifariki Jumatatu, mwili ulifika kwetu Ijumaa alasiri juu ya gari la kukodi, kwa sababu fedha za safari zilichangwa polepole. Mahali alipolazwa siku zile sitapataja. Ndugu waliomfuata walilipa fedha ya dawa, wakapewa stakabadhi, wakaambiwa kwamba mwili umetengenezwa vizuri. Kwetu ni desturi mama mzazi amwone mwanawe usoni kabla hajafukiwa. Wazee walifungua sanduku upande wa kichwa, wakatazama, wakalifunga tena bila kusema neno, na mmoja wao akawaambia vijana wamalize kuchimba upesi. Bibi yangu akasema, "Mmeniletea sanduku. Mwanangu yuko wapi?" Hakuna aliyemjibu. Tulizika magharibi ile ile. Sasa imepita miaka minne, na hata leo gari likisimama barabarani usiku bibi huuliza kama ni yeye amekuja.

Nilirudi shuleni nikiwa na swali moja tu: ile dawa iliyolipiwa ni dawa gani, na kwa nini haikufanya kazi? Niliyoyapata kwa mwalimu wetu wa kemia, na baadaye kwa mzee mmoja anayetunza maiti katika hospitali ya misioni iliyo karibu nasi, ndiyo ninayowaeleza hapa.

Mwili uliokufa hauanzi kuharibika kutoka nje, kama wengi tudhanivyo. Huanza ndani. Chembe za mwili zikikosa oksijeni hupasuka, na maji makali yaliyomo huanza kuziyeyusha zenyewe. Bakteria waliokuwa matumboni, ambao mtu akiwa hai hawamdhuru, hupata nafasi ya kuenea mwili mzima, nao hutoa gesi. Gesi hiyo ndiyo inayovimbisha tumbo na uso. Joto huharakisha mambo hayo yote. Viungo huanza kukakamaa saa chache tu baada ya kufa, kisha baada ya siku moja au mbili hulegea tena, na katika nchi ya joto hulegea mapema zaidi. Damu nayo, kwa kuwa moyo hauisukumi, hushuka upande wa chini wa mwili na kufanya madoa ya rangi ya zambarau. Ndugu wengi wakiyaona madoa hayo mgongoni hufikiri kwamba marehemu alipigwa. Mzee wa hospitali aliniambia kwamba amekwisha kuamua ugomvi wa namna hiyo mara nyingi, na kwamba mtu mwenye hasira hapendi kufundishwa biolojia.

Chumba cha baridi, ambacho huwekwa kiasi cha digrii 4 au chini kidogo, hupunguza mwendo wa kuoza lakini hakiuzuii, na umeme ukikatika hakina faida. Ndiyo maana hutumiwa fomalini. Fomalini ni gesi ya fomaldehaidi iliyoyeyushwa katika maji, kiasi cha asilimia 37. Kazi yake ni kuzishika protini za mwili na kuzifunganisha, kama ute wa yai unavyoganda ukichemshwa, hata bakteria wasiweze kuzila tena.

Lakini haitoshi kuimwaga juu ya mwili, wala kuchoma sindano mbili tatu tumboni. Fundi hupasua kidogo shingoni au pajani, akatafuta ateri kubwa, akaingiza mrija, na kwa pampu, au kwa chupa iliyoinuliwa juu pasipo na umeme, akaipeleka dawa polepole ifuate njia zile zile zilizopitwa na damu, mpaka ncha za vidole. Damu hutolewa katika vena iliyo jirani. Wakati huo huo huisugua mikono na miguu ili dawa ipite, akitazama rangi ya masikio na kucha. Kiungo kisichobadilika ni kiungo kilichokosa dawa, kwa hiyo hana budi kutafuta ateri nyingine ya kukifikia. Baadaye hushughulikia kifua na tumbo kwa chuma kirefu chenye tundu, kutoa gesi na maji na kutia dawa iliyo kali zaidi. Mwisho huosha, hufunga macho na kinywa, hunyoa ndevu ikiwa ndugu wanataka, huvika nguo. Ni kazi ya saa nyingi kwa mtu mmoja, nayo haitaki haraka.

Sasa wale wanaosema kwamba kazi hii haihitaji shule wafanye hesabu hii. Tuseme mtu mzima wa kadiri anahitaji lita 10 za dawa iliyokwisha kuchanganywa, na fundi anataka fomaldehaidi iwe asilimia 2. Fomalini aliyo nayo ni ya asilimia 37. Atie kiasi gani? Ni 10 mara 2, kisha ugawanye kwa 37: utapata lita 0.54, yaani nusu lita na kidogo, na maji lita 9.46. (Mafundi huongeza vitu vingine kama glisarini na rangi, lakini tuviache.) Akitia fomalini kidogo mno, mwili utaoza. Akitia nyingi mno, mishipa midogo itajikaza papo hapo na kuizuia dawa nyingine isipite. Ngozi itakauka na kuwa ya kijivu, na ndani mwili utaoza vile vile. Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza katika daftari langu niliweka kalamu chini. Huenda baba yangu mdogo alitiwa nusu tu ya dawa iliyolipiwa. Huenda pia alitiwa yote, na mtu ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha kugawanya kwa 37.

Wengine bwenini walinipinga kwa njia nyingine. Walisema kutia maiti dawa ni mambo ya Wazungu, si ya kwetu. Twasoma katika Kitabu cha Mwanzo kwamba Yusufu aliwaamuru waganga wamtie babaye dawa asioze, na kwamba kazi hiyo ilichukua siku 40. Na Misri ni Afrika. Lakini mfano ninaoupenda mimi ni wa karibu zaidi.

Dr. David Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu aliokuwa nao, Susi, Chuma na wenzao, wakakata shauri kumrudisha kwa watu wake. Fikirini neno hilo. Hapakuwa na barafu, wala fomalini, wala gari, na pwani ilikuwa mbali zaidi ya maili 1,000. Miongoni mwao alikuwapo mtu aitwaye Farijala. Huyu zamani alikuwa mtumishi wa daktari mmoja huko Unguja, na kwa kumtazama bwana wake alijua jinsi maiti anavyopasuliwa na kuchunguzwa. Yeye ndiye aliyeshika kisu. Walijenga ua wa miti imara usio na paa, ili jua liingie na wanyama wasiingie. Farijala akatoa moyo na matumbo, vikatiwa katika sanduku la bati na kuzikwa chini ya mti, naye Jacob Wainwright, kijana Mwafrika aliyesomeshwa katika shule ya misioni huko Bara Hindi, akasoma sala za mazishi. Mwili ukatiwa chumvi ndani, brandi ikatiwa kinywani na katika nywele, kisha ukaanikwa juani siku 14, ukigeuzwa kila siku. Hatimaye wakauzungushia nguo, wakakunja miguu ili mzigo uwe mfupi, wakautia ndani ya gome la mti lililobanduliwa zima kama bomba, na juu yake wakashona turubai.

Walipofika Unyanyembe walimkuta Mwingereza mmoja, Cameron, aliyewashauri wamzike pale pale. Walikataa. Mbele kidogo waliona kwamba wenyeji hawataki maiti apite nchini mwao. Basi wakatengeneza mzigo wa uongo wa mabua, wakaufunga kama maiti, wakajifanya wanaurudisha Unyanyembe kwenda kuuzika. Mwili wenyewe wakaufunga upya kama robota la nguo za biashara, wakapita nao. Walifika Bagamoyo Februari 1874. Huko London daktari aliyeukagua mwili aliutambua kwa mfupa wa mkono uliokuwa umevunjwa na simba miaka thelathini hivi kabla, na tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa Westminster Abbey. Katika kitabu chetu cha historia majina ya Susi na Chuma yamo. La Farijala sikuliona. Lakini kwa kazi ya mikono yake, baada ya miezi kumi na moja na zaidi, watu wa kwao marehemu waliweza kusema bila shaka kwamba ni yeye. Bibi yangu hakutaka zaidi ya hilo, na safari yetu ilikuwa ya siku moja kwa gari.

Siku hizi haja imezidi, kwa maana watu wengi wanafia mbali na kwao. Kabaka Edward Mutesa wa Pili alifariki London Novemba 1969, na hakulazwa katika makaburi ya wafalme huko Kasubi mpaka 1971. Jirani zetu wa Kenya hawajasahau habari ya mwanasheria S. M. Otieno. Alifariki 20 Desemba 1986. Mjane wake na ukoo wake wakashitakiana juu ya mahali pa kumzika, na mwili ukangojea kuzikwa mpaka 23 Mei 1987, siku 154 kamili. Hao walikuwa watu mashuhuri. Lakini mtu wa kawaida wa Arua au Kisoro akifia Kampala atapelekwa kwao, hata ikiwa jamaa wauze ng'ombe; na ndugu zetu wanaofanya kazi katika nchi za Arabuni, wakifia huko, hurudishwa kwa ndege, na mwili wa kupandishwa ndege huhitaji hati za kifo, cheti cha kutiwa dawa, na sanduku lililozibwa lisivuje. Mtu asiyejua kusoma na kuandika vizuri hataziweza karatasi hizo.

Basi kijana aingieje katika kazi hii? Mzee wetu wa hospitali aliniambia kwamba yeye aliajiriwa afagie. Siku moja mwenzake wa ndani hakuja kazini, akaambiwa aingie asaidie, na imekuwa miaka 22. Ana mikono ya ajabu, tena ana upole; huzungumza na maiti anapomgeuza, humwambia, "Samahani, mama." Lakini mwenyewe anakiri kwamba alipewa amri, hakupewa sababu. Akiulizwa kwa nini hutia kiasi fulani cha fomalini, jawabu lake ni kwamba ndivyo alivyokuta. Hapa kwetu wengi wameingia kwa mlango huo, na ndiyo maana nasema pana nafasi kwa kijana aliyesoma.

Nchi nyingine zimekwisha kutambua jambo hili. Huko Kenya chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, KMTC, kinafundisha utunzaji wa maiti pamoja na masomo mengine ya hospitali, na hapo si mbali na sisi. Uingereza wana chama cha watia dawa, British Institute of Embalmers, kilichoanzishwa 1927, chenye mitihani yake. Marekani wana shule ya kazi hii katika mji wa Cincinnati tangu 1882, na karibu majimbo yao yote hayatoi leseni mpaka mtu amesoma, amefaulu mtihani, na amefanya kazi kwa muda chini ya fundi mwenye leseni. Masomo yanayotangulia ni yale yale tunayosoma hapa: biolojia, kemia, hesabu. Mimi ningeongeza lugha. Ndugu wanaokuja kumchukua marehemu wanakuja na Kiganda, Kisoga, Kiteso, Kiswahili na Kiingereza, na mtu mwenye msiba hataki kufasiriwa na kijana wa mlangoni.

Wala si lazima kila mtu aguse maiti. Yuko seremala wa masanduku, dereva, mwenye mahema na viti, mpiga chapa wa karatasi za ibada, na yuko msimamizi anayeyapanga hayo yote ili wafiwa walie kwa nafasi. Kampala kuna makampuni yanayofanya hivyo. Kaka zetu mliosoma biashara, zitazameni tena zile jumuiya za vijijini tuziitazo munno mukabi, ambazo kila mwanachama hutoa kidogo kidogo ili siku ya msiba apate sanduku, sufuria, chakula na watu wa kumsaidia. Afrika Kusini wamejenga makampuni makubwa kwa mawazo kama hayo. Moja lao, AVBOB, lina mizizi yake katika mwaka 1918, wakati homa kubwa ilipoua watu wengi mno. Zile daftari za munno mukabi zilizochanikachanika zinangoja mtu anayejua kuweka hesabu.

Sasa niseme na upande wa pili, maana sipendi mtu aseme kwamba nilimdanganya.

Mshahara wa mtumishi wa nyumba ya maiti ni mdogo, na hospitalini huhesabiwa katika vyeo vya chini. Mtu anayetaka kufungua nyumba yake mwenyewe anahitaji chumba cha baridi, jenereta, gari, na maji mengi. Hiyo si fedha ya kijana atokaye shule. Atakuwa na miaka mingi ya kuajiriwa kwanza. Tena wafiwa humtia noti mkononi ili amtunze wao kuliko wa wengine, na mshahara ukiwa mdogo noti hizo huzoeleka upesi. Mzee wetu hukataa. Wenzake wawili, alivyosema, hawakukataa, na marehemu asiye na jamaa akawa analazwa chini. Hata huko Marekani waliona kwamba mtu mwenye huzuni hawezi kubishana bei. Tangu 1984 wana sheria inayowalazimisha wenye kazi hii kumwonyesha mteja bei ya kila kitu mbalimbali, anunue anachotaka tu.

Afya nayo ni jambo kubwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikata neno mwaka 2004 kwamba fomaldehaidi huwaletea binadamu saratani. Chumba cha kazi sharti kipitishe hewa vizuri, na mtu avae glavu, aproni na kinga ya macho na pua. Macho ya mzee wetu ni mekundu daima. Chumba chake kina dirisha moja, na upande wa pili wa dirisha hilo ni jiko la wagonjwa, kwa hiyo huambiwa alifunge.

Kisha kuna magonjwa. Mwaka 2000 Ebola ilipoingia Gulu waliugua watu 425 na wakafariki 224, miongoni mwao Dr. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, na njia moja iliyoueneza ugonjwa ule ilikuwa kuosha na kugusa maiti mazishini. Ulipotokea tena 2022 huko Mubende na Kassanda, marehemu walizikwa na vikosi vilivyofundishwa, wakiwamo watu wa Msalaba Mwekundu, waliovaa mavazi ya kinga. Maiti wa Ebola hatiwi dawa wala haoshwi. Hufungwa katika mfuko maalum na kuzikwa upesi, na ndugu husimama mbali wakiomba. Hapo mtunza maiti anatakiwa kujua ni nani asiyeguswa, na kuweza kuwaeleza wazee jambo hilo bila kuwatukana. Kijana mmoja asiyefundishwa anaweza kuumaliza ukoo.

Yapo pia mahali ambapo kazi hii haina soko, na ni vizuri hivyo. Ndugu zetu Waislamu wa mjini hawana haja ya dawa wala sanduku. Humwosha maiti wao, maji ya mwisho yakiwa na kafuri, humvika sanda, ya mwanamume nguo tatu na ya mwanamke tano, humswalia, na huzika siku ile ile ikiwezekana. Nalitambua jambo moja kwao. Yule anayeosha hachekwi. Mwanafunzi mwenzetu mmoja Mwislamu, wa kidato cha tano, ndiye peke yake aliyekuja kuketi mezani kwangu usiku ule. Babu yake ni mwosha, nao nyumbani husema mwosha huoshwa, wakamalizia hapo. Sisi wengine twamwita mtunza maiti usiku wa manane atusaidie, na asubuhi hatutaki mkono wake. Mzee wetu alichumbia mara mbili akakataliwa. Mkewe wa sasa alimpata kwa sababu alikuwa amemtunza mamaye vizuri, na yule binti aliona.

Padre amekwisha kuisoma makala hii. Ametoa maneno mawili ambayo alisema si ya gazetini, mengine ameyaacha, na ameniandikia barua kwa hospitali ili likizo ya Desemba nikae majuma matatu na mzee, nikamtazame na kumwandikia vipimo vyake katika daftari. Ikiwa yuko kaka yetu yeyote aliyefanya kazi hii, hapa au nchi nyingine, namwomba aandikie sehemu hii ya Kiswahili atuambie wao huchanganya fomalini kwa asilimia ngapi. Baba hajaijibu barua yangu. Mama amejibu, amesema nikirudi nyumbani nioge kwanza kabla ya kuingia jikoni. Mzee naye ameniagiza nije na mabuti yangu mwenyewe, maana ya hospitali ni jozi moja, na mguu wake ni mdogo.